Udongo unaondoka, mahindi hayaendi: kutafuta chanzo katika shamba la mteremko

Mkulima mwenye shamba la mteremko akilalamika, kwa kawaida analalamikia mmea. Mahindi yamekuwa manjano, maharage yamedumaa, viazi ni vidogo. Anayemuuzia pembejeo naye humjibu kwa mfuko wa mbolea. Mwongozo huu unaanzia kwingine, kwenye maji ya mvua: yanaingia wapi, yanapita wapi, na yanapoondoka yanaondoka na nini. Kwenye vilima vya Lushoto, Uluguru, Mbinga au Machakos, matatizo mengi yanayoitwa ya rutuba ni ya maji kwanza. Mbolea ikiwekwa kabla maji hayajadhibitiwa, anayefaidi ni mwenye shamba la bondeni.

Piga hesabu hii ndogo. Milimita 1 ya udongo ikiondoka kwenye ekari 1, zimeondoka mita za ujazo 4, yaani kama tani 5. Huwezi kuona kwa macho kwamba shamba limeshuka milimita 1, kwa hiyo usingoje kuona. Tafuta dalili.

Vifaa vya ukaguzi ni jembe, kisu kirefu au kipande cha nondo, kamba ya mita 10, glasi mbili za maji na fremu ya A, ambayo nitaieleza mbele. Wakati mzuri wa kukagua ni mvua inaponyesha au mara tu inapokatika, kwa sababu siku ya jua shamba husema uongo. Kukiwa na radi, baki ndani.

"Mvua imenyesha usiku kucha, lakini nikichimba ni vumbi"

Sababu inayoongoza ni udongo uchi. Matone ya mvua hupiga udongo usiofunikwa, chembe ndogo huziba vinyweleo, na jua likitoka juu linabaki gamba. Ingiza ncha ya kisu pembeni na uinue taratibu: gamba hunyanyuka zima kama chapati kwenye kikaango. Maharage yanayoota chini yake hukatika shingo kabla ya kuliona jua, na mwenye shamba anadhani mbegu ilikuwa mbovu.

Kabla hujafanya lolote, pima udongo kwa glasi. Chukua bonge kavu lenye ukubwa wa yai kutoka shambani, na jingine kutoka mahali ambapo jembe halijawahi kufika, kwa mfano chini ya mti wa mpakani. Yaweke taratibu kila moja kwenye glasi ya maji ya mvua, usitikise, kisha tazama. Viputo vya hewa vitatoka. Bonge la chini ya mti mara nyingi litakaa zima dakika kumi au zaidi. La shambani likiporomoka ndani ya dakika moja au mbili na kubaki rundo la unga chini ya glasi, udongo umepoteza mboji iliyokuwa inaushikilia. Kama maji yenyewe yamebaki na rangi ya tope hadi kesho yake asubuhi, ruka hadi sehemu ya mwisho, ya chumvi na magadi. Shida yako ni nyingine.

Dawa ya gamba ni kufunika: mabua, majani ya migomba, nyasi zisizo na mbegu, au mazao yanayotambaa kama ngwara, kunde na maboga kati ya mahindi. Samadi iliyoiva husaidia, lakini mboji hairudi kwa msimu mmoja. Anayekuahidi udongo mpya ndani ya miezi mitatu ana kitu anauza.

Sababu ya pili ni tabaka gumu chini ya kina cha jembe. Trekta au plau ya ng'ombe ikilima kina kilekile miaka nenda rudi hugandamiza sakafu yake, na jembe la mkono hufanya vivyo hivyo, ila tabaka lake liko juu zaidi. Chimba shimo la sentimita 40, lainisha ukuta mmoja, kisha dunga kisu kuanzia juu kwenda chini kila baada ya sentimita mbili tatu. Mahali kisu kinapokataa halafu chini yake kinapita tena ndipo tabaka lilipo, kwa kawaida kati ya sentimita 10 na 25. Ng'oa na shina moja la mahindi. Mizizi iliyoshuka kidogo halafu ikapinda kulala ubavu inasema jambo lilelile.

Tabaka likiwa jembamba, anza na mimea yenye mzizi mrefu: mbaazi, ngwara, au marejea, ile iliyoenea kusini mwa Tanzania kupitia Peramiho. Mbegu za marejea zisichanganyike na chakula cha mifugo au kuku, kwa kuwa jamii hiyo ya mimea ina sumu. Tabaka likiwa nene, kodi ripa, yaani jembe la kupasulia linalovutwa na ng'ombe au trekta, ipasue mistari tu bila kugeuza udongo. Fanya hivyo kiangazi. Udongo uliolowa haupasuki, chuma huupaka tu kuta na kuzidi kuziba. Na ripa ipite kukata mteremko, kamwe isishuke nao, vinginevyo umeyachimbia maji barabara.

Simama hapa kama kisu kimekuta mwamba au changarawe iliyoshikana kabla ya sentimita 30. Hilo halipasuliwi kwa pesa ya kukodi trekta. Muite afisa ugani mpange matumizi mengine ya kipande hicho: malisho, miti, nyasi za kukata.

"Kila baada ya mvua kubwa naona vijifereji vimechora shamba"

Angalia matuta kwanza. Yakiwa yanashuka na mteremko, umeshapata chanzo, usitafute kingine hadi ulirekebishe hilo. Wanaolima viazi mviringo watakuambia kwa nini wanayashusha: viazi vikisimama kwenye maji huoza. Ni hoja ya haki. Jibu lake si kuyalaza matuta usawa kabisa. Yalaze yakate mteremko na kushuka kidogo mno, kama sentimita 5 kwa kila mita 10, hadi kwenye mkondo uliopandwa nyasi. Maji yataondoka yakitembea, hayatakimbia.

Sababu ya pili hukaa nje ya shamba, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Siku ya mvua fuata kijifereji kimoja kuelekea juu hadi mwisho wake. Mara nyingi utaishia kwenye njia ya ng'ombe, paa la bati lisilo na mfereji, kalavati la barabara au shamba la jirani. Hapo hata ujaze shamba zima nyasi, maji yatakuja na nguvu ya yalipotoka. Kinachohitajika ni mtaro wa kinga kwenye mpaka wa juu, wenye mshuko mdogo uleule, unaoyapeleka maji mahali salama. "Mahali salama" si kwa jirani. Kaeni pamoja kabla ya kuchimba, na mkishindwa mwende kwa serikali ya kijiji. Mtaro uliochimbwa kimyakimya huzaa kesi ndefu kuliko mtaro wenyewe.

Sababu ya tatu ni makinga maji, yaani matuta au mitaro inayokata mteremko kuzuia maji, kuachana mno. Pima mteremko: shika ncha ya kamba ya mita 10 ardhini upande wa juu, mwenzako anyooshe ncha nyingine upande wa chini hadi kamba iwe bapa, kisha apime kutoka kamba hadi ardhini. Mita 1 ni asilimia 10. Kwa mteremko huo, umbali wa kama mita 15 kati ya kingamaji na kingamaji ni wa kuanzia. Mteremko ukiongezeka, yasogeleane. Pale ambapo ili upande lazima ushike ardhi kwa mkono, mahindi hayana kazi hapo. Panda miti, kahawa yenye kivuli au nyasi.

Wamatengo wa Mbinga wana jibu lao kwa miteremko mikali, ngolo. Nyasi zilizofyekwa hupangwa kwa mistari inayokatana kama miraba, udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika nyasi hizo, na hubaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maji hutua shimoni, nyasi huoza chini ya tuta. Ni kazi kubwa ya mikono, lakini ukisimama ng'ambo ya kilima mvua inaponyesha utaona kwa nini hawajaiacha.

Sasa fremu ya A, maana bila hiyo "kukata mteremko" ni kubahatisha, na jicho la binadamu hudanganyika vibaya kilimani. Chukua miti miwili iliyonyooka ya mita 2, ifunge juu iungane, itenganishe chini kwa mita 2, funga mti wa tatu katikati kama mkono wa herufi A. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Kuirekebisha: isimamishe juu ya vigingi viwili, weka alama kamba inapogusa mti wa kati. Igeuze, mguu wa kushoto uende ulipokuwa wa kulia, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Tembea nayo shambani mguu kwa mguu ukiweka vigingi. Mstari utakaopata utapindapinda. Ulainishe kidogo lakini usiunyooshe. Upepo ukiwa mkali, ahirisha, kwa sababu jiwe litacheza.

"Nilichimba fanya juu, mvua ya kwanza ikapasua"

Malalamiko haya ni mengi, na yanavunja watu moyo kuliko mengine kwa sababu mtu ametoka jasho. Fanya juu ni mtaro unaochimbwa kwenye mstari wa usawa, wa upana na kina cha kama sentimita 60, na udongo wote hurushwa upande wa juu kuwa tuta. Kati ya mtaro na tuta huachwa ukingo wa sentimita 15 hadi 30 ili udongo usirudi shimoni. Kadiri misimu inavyopita, udongo unaotiririka hujikusanya nyuma ya tuta na shamba hujigeuza ngazi lenyewe. Ukambani ndiko mbinu hii ilikoshika. Wakati wa ukoloni watu wa Machakos walilazimishwa kazi za kuhifadhi udongo na wakazichukia. Baadaye, walipochagua wenyewe fanya juu kwa sababu ilitunza maji ya mahindi yao, vilima vilivyokuwa vimekufa vikajaa ngazi.

Tuta likipasuka, tembea juu yake kwa urefu wote ukiwa na fremu ya A. Mara nyingi utakuta sehemu moja iko chini kuliko nyingine, hata kwa upana wa kiganja. Maji ya mstari mzima hukusanyika hapo, yakapanda juu ya tuta, na yakishaanza kupita hayasimami. Kuziba tundu peke yake ni kupoteza muda. Inua sehemu iliyoshuka, shindilia udongo kwa miguu kila tabaka la sentimita 15, kisha weka vizuizi vya udongo ndani ya mtaro kila baada ya mita kadhaa ili maji yasitembee kwenda kukutana mahali pamoja.

Usawa ukiwa sawa, angalia kama mtaro umejaa tope. Mtaro uliojaa si mtaro, na wengi huuchimba mara moja wakausahau. Uzoe kabla ya kila msimu wa mvua, na udongo huo mzuri urudishe juu shambani, si chini.

Halafu tazama kilichopandwa juu ya tuta. Tuta lisilo na mizizi ni rundo la udongo linalosubiri mvua. Nyasi kama matete, guatemala au vetiva zipandwe mara tu mvua inapoanza, tuta likiwa bado bichi. Matete na guatemala ni chakula cha ng'ombe, kwa hiyo mkulima huyatunza bila kuhimizwa. Vetiva ng'ombe haipendi sana, na hiyo ndiyo sifa yake mahali penye mifugo inayozurura. Yapo malalamiko kwamba matete hunyonya mstari wa mahindi ulio jirani. Ni kweli. Kata nyasi mara kwa mara zisipite kimo cha kifua, na mstari wa kwanza wa mahindi ukae mbali kidogo.

Ukiona tundu katikati ya tuta na maji yanatoka upande wa pili bila kupita juu, ni fuko au panya. Chimba tundu lote hadi mwisho wake, jaza na ushindilie. Kulifunika mdomo tu ni kumjengea nyumba.

Sababu isiyo ya kawaida lakini mbaya kuliko zote: mtaro wa usawa mahali penye mvua nyingi sana na udongo wenye kina kifupi juu ya mwamba. Maji yaliyozuiwa huingia, hufika mwamba, na udongo wote wa juu hulainika. Ukiona nyufa ndefu zinazokata mteremko, miti au nguzo zilizoanza kuinama, au chemchemi mpya zimetokea chini ya mitaro, acha kuchimba. Usijaze nyufa kwa udongo ukadhani umemaliza. Wahamishe wanaoishi chini ya mteremko huo, toa taarifa kijijini na wilayani, na kipande hicho asirudi mtu hadi mtaalamu afike. Poromoko la udongo halipigi hodi.

"Korongo linakula shamba kila mwaka"

Korongo hukua kwa kichwa, yaani lile poromoko la upande wa juu ambapo maji yanaruka. Watu hujaza chini yake takataka, matairi na magogo, na mwaka unaofuata kichwa kimesogea tena. Chanzo kiko juu.

Panda juu ya kichwa uone maji yanatoka wapi. Ni njia ya ng'ombe au ya watu? Ihamishe, au ikate kwa vizuizi vinavyoyatoa maji pembeni. Ni malisho yaliyochakaa? Yafunge. Kondoa ndiyo shule ya hilo: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa kujenga makinga maji na kupanda miti, lakini mabadiliko makubwa yalionekana baada ya mifugo kuondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika mwaka 1979. Nyasi na vichaka vikarudi vyenyewe. Ilikuwa hatua kali kwa wafugaji, na sishauri kijiji kuiga bila kuwa na pa kupeleka ng'ombe. Kufunga kipande kwa zamu, na kukata nyasi kuwapelekea zizini, kunavumilika zaidi.

Maji ya juu yakishakatwa, korongo lenye kina kisichozidi mita 1 unaweza kulitibu mwenyewe. Jenga vizuizi vya mawe au vigingi vya miti inayochipua. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati. Ukikosea hapo maji yatakula kuta na utakuwa umepanua korongo kwa mkono wako. Ingiza ncha za kizuizi ndani ya kuta kama nusu mita. Tandaza mawe upande wa chini maji yanapoangukia. Umbali wa kizuizi na kizuizi upimwe hivi: mguu wa kizuizi cha juu uwe usawa mmoja na mdomo wa kizuizi cha chini. Tope likijaa nyuma yake, panda migomba, matete au mianzi humo humo.

Simama na uite wataalamu kama kina kimezidi kimo chako, kama kuta zimechimbika kwa chini na juu zimening'inia, kama kichwa kimekaribia nyumba, barabara au bomba la maji. Usiingie kuchimba chini ya ukuta kama huo, na watoto wasicheze humo. Udongo unaoanguka hauna mlio wa kutosha kumwahi mtu. Korongo linaloanzia kwenye kalavati la barabara ya kijijini upande wa Tanzania ni kazi ya kupelekwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kupitia kwa mtendaji wa kijiji, kwa barua, na picha zenye tarehe. Kando ya mto pia usijiamulie: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

"Nimeweka mbolea, mahindi bado ni manjano"

Usikimbilie dukani. Simama mahali palipoinuka utazame umbo la umanjano. Kama ni mabaka, na mabaka yako pale maji yalipopita au yaliposimama, rudi kwenye sehemu za juu za mwongozo huu. Kama ni shamba zima, inama usome majani.

Umanjano unaoanzia ncha ya jani la chini na kupita katikati kuelekea shina, ukiwa na umbo la V, ni upungufu wa naitrojeni. Kwenye mteremko chanzo chake cha kwanza ni mbolea iliyomwagwa juu ya udongo ikasombwa au ikapotea hewani. Ifukie, kama sentimita 5 pembeni mwa shina. Kingo za majani ya chini zikikauka kama zimeunguzwa, shuku potasiamu. Rangi ya zambarau kwenye mmea mchanga ni fosforasi, lakini kwanza angalia kama ni baridi na unyevu wa nyanda za juu, au tabaka gumu linalobana mizizi; udongo ukipata joto mingi hujirudi yenyewe. Michirizi myeupe kwenye majani machanga, karibu na kitovu, ni zinki.

Umefukia mbolea, majira ni mazuri na bado mmea haujibu? Hapo shuku tindikali. Udongo wenye pH (kipimo cha tindikali) chini ya 5.5 huachia aluminiamu inayochoma mizizi na kuifungia fosforasi. Nyanda za juu zenye mvua nyingi zina hali hiyo kwa asili, na miaka mingi ya mbolea za SA, DAP au urea bila chokaa huiongeza. Mizizi huwa mifupi, minene, yenye ncha za kahawia. Dawa ni chokaa ya kilimo, lakini kiasi chake hakikisiwi: kinategemea kipimo cha maabara, na ikizidi hufunga zinki na madini mengine. Imwagwe na kuchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Isiwekwe siku moja na urea au samadi, naitrojeni itapotea hewani na utaisikia harufu yake. Chokaa ya kupakia nyumba si ya shambani. Inaunguza ngozi na macho.

Kuna kisa cha peke yake: ngazi mpya ambazo hazioti kitu. Anayekata ngazi kwa haraka huupeleka chini udongo mweusi wa juu na kuuacha ule mwekundu usio na uhai ukipokea mbegu. Uluguru iliwahi kulilipia kosa hili kisiasa: ngazi zilizolazimishwa na serikali ya kikoloni zilileta juu udongo usiozaa, watu wakaona jasho lao haliwalipi, na mwaka 1955 upinzani ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mpango ukaachwa. Ukikata ngazi, kwangua kwanza udongo wa juu, uweke pembeni, tengeneza ngazi, kisha urudishe. Zilizokwisha haribika zipewe samadi nyingi na jamii ya kunde kwa misimu miwili mitatu kabla ya kuzidai mahindi.

Sampuli ya maabara huchukuliwa hivi: pita shambani kwa mwendo wa zigizaga, chota udongo wa sentimita 0 hadi 20 katika sehemu 15 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki ambayo haijawahi kubeba mbolea, toa nusu kilo, kausha kivulini, andika jina la shamba na zao lililopita. Usichote kwenye zizi la zamani, kichuguu au lilipochomwa rundo la mabua. Tanzania peleka TARI Mlingano, Tanga, au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kenya, KALRO Kabete. Shamba la juu na la bondeni ni sampuli mbili.

"Maua ya zambarau mazuri, lakini mahindi yanasinyaa"

Ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Mmea mmoja hutoa maelfu mengi ya mbegu zinazodumu ardhini zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo uking'oe kabla hakijatoa maua na usikitupe kando ya shamba. Hushamiri kwenye udongo uliochoka, mara nyingi baada ya mahindi au mtama mfululizo. Njia iliyothibitika ni ya sukuma-vuta, iliyoendelezwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, Kenya: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mahindi, na matete au nyasi za brakiaria kuzunguka shamba. Desmodiamu hufunika udongo pia, kwa hiyo unalipa mara moja unapata mara mbili. Mbegu yake si rahisi na huchelewa kushika msimu wa kwanza. Palilia kwa makini usiing'oe.

"Naweka matandazo, lakini mvua ikifika hayapo"

Yamekwenda kwa ng'ombe, mchwa au moto, kwa mpangilio huo. Kilimo hifadhi kinachofundishwa kwa picha za mashamba yaliyofunikwa mabua kinasahau kuwa kiangazi mabua ni malisho, na katika vijiji vingi shamba likishavunwa ni la ng'ombe wa wote. Mkulima mmoja hawezi kushinda desturi hiyo kwa uzio wa miiba. Sheria ndogo ya kijiji inaweza, ikikubaliwa na wafugaji wenyewe. Bila hivyo, gawana: nusu ya mabua ipelekwe zizini na irudi kama samadi, nusu ilazwe kwenye mistari ya kukata mteremko. Ongeza mbaazi inayobaki shambani baada ya mahindi; majani yake huanguka yenyewe hata mwenye shamba akiwa hayupo. Kuhusu mchwa, usipige dawa shamba zima. Mabua anayokula huwa yameshaingizwa ardhini, na vishimo vyake hupitisha maji.

"Kuna weupe juu ya udongo, au udongo unateleza kama sabuni"

Hii hutokea zaidi mashamba ya umwagiliaji ya tambarare kuliko vilimani. Weupe wa chumvi unaotokea maji yakikauka mara nyingi ni matokeo ya kumwagilia bila mfereji wa kutoa maji. Fungua njia ya kutoka kwanza, kisha suuza kwa maji safi. Udongo mweusi unaoteleza, unaochafua maji ya glasi hadi asubuhi, una sodiamu nyingi. Huu husaidiwa na jasi, lakini usinunue hata gunia moja kabla ya kupima udongo na maji yenyewe ya kumwagilia. Maji yakiwa ndiyo yanayoleta magadi, jasi utaimwaga kila mwaka bila mwisho, na hapo mhandisi wa umwagiliaji wa wilaya ndiye wa kuonana naye kabla ya msimu kuanza.